Pleti za sampuli kutoka Marekani hadi Mombasa: uzoefu wangu

Nimenunua seti ya namba pleti za sampuli za majimbo ya Marekani kwa muuzaji wa mtandaoni. Mzigo umenifikia Mombasa salama na nimeridhika nao, isipokuwa pleti moja nitakayoieleza. Nawaandikia wenzangu wa Pwani wanaotamani kuanza kukusanya.

Kwa nini sampuli? Kwa sababu haikuwahi kufungwa kwenye gari. Jimbo likibadilisha muundo hutengeneza pleti chache zenye neno SAMPLE, au sufuri tupu kama 000-000, au ABC 123, likazigawa kwa polisi na kwa majimbo mengine ili pleti mpya itambulike ikionekana barabarani. Haina mwenyewe wa kuja kuidai. Kwangu hilo ndilo kubwa. Pleti ya Kenya iliyotoka kwenye gari utaitundika ukutani vipi bila kuulizwa, na ilhali hujui aliyekuuzia aliing'oa wapi? Hata magari ya Japani yanayoshuka Kilindini hayatuachii kitu, maana sheria ya kule inataka pleti zirudishwe kabla gari halijasafirishwa.

Zangu zilikuwa dola 8 hadi 15 kila moja, kulingana na umri. Usafiri ndio ulioniuma, kwa hiyo agiza nyingi kwa pamoja. Muuzaji alitenganisha kila pleti kwa karatasi laini na kuziba pembe kwa kadibodi. Hakuna iliyopinda.

Fundi wangu wa fremu wa Mwembe Tayari alipima moja tu, akakata fremu zote kwa kipimo hicho. Hilo liliwezekana kwa sababu ya makubaliano ya 1956, yaliyoweka kipimo cha inchi 12 kwa 6. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na lake. New York ilipoanza kudai namba mwaka 1901, wenye magari walijitengenezea wenyewe, wakiweka herufi za majina yao. Massachusetts ndiyo iliyoanza kutoa pleti za jimbo, mwaka 1903, za chuma kilichopakwa enameli. Ukinunua za zamani, mpelekee fundi zote azipime.

Sasa ile pleti iliyonikera. Iliuzwa kama sampuli halisi, kumbe ni pambo la ukutani. Wengi hupapasa herufi kuona kama zimeinuka, lakini siku hizi majimbo kadhaa huchapa pleti bapa, kwa hiyo kidole peke yake hakitoshi. Mulika tochi gizani: pleti halisi ya miaka ya karibuni humetameta kama alama za barabarani. Hii yangu haikurudisha mwanga wowote, na bati lake lilikuwa jembamba, unalipinda kwa vidole viwili. Nilimtumia muuzaji picha za mbele na nyuma, akanirudishia pesa ya hiyo moja bila ubishi. Kama una shaka, chama cha wakusanyaji cha ALPCA, kilichoanza 1954, kina wanachama wanaozijua pleti hizi jimbo kwa jimbo.

Jambo jingine ni hewa yetu ya chumvi. Za alumini hazinipi wasiwasi. Za chuma nazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na sizitundiki karibu na dirisha linaloelekea bahari. Natamani sana zile za Illinois za wakati wa Vita Kuu ya Pili, zilizotengenezwa kwa ubao wa soya kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, lakini kwa unyevu wa hapa sithubutu.

Muuzaji huyu nampa nyota nne kati ya tano. Nitaagiza tena kwake, safari hii nikimwomba picha ya mgongo wa kila pleti kabla sijalipa.

Na kama kuna mtu wa mamlaka ya usafiri anayesoma: pleti zetu hutengenezwa gereza la Kamiti, na mwaka 2022 zimepata muundo mpya wenye alama za usalama. Tuuzieni sampuli zilizoandikwa wazi kuwa ni sampuli. Mfululizo wa KAA ulioanza 1989, na hata zile nyeusi za kabla yake, vijana wengi hawajawahi kuziona karibu. Wanunuzi tupo.