Nimefanyia lori yangu NQR remapu Industrial Area, haya ndio maoni yangu

Wale mmekuwa mkiniuliza kama remapu ya lori, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ndio ipate nguvu zaidi, ni kitu ya ukweli ama ni wizi wa mchana, jibu langu ni inafanya kazi, lakini si vile wengi mnafikiria, na hii gereji nilienda naipatia nne kwa tano. Jina siweki hapa ju sifanyii mtu tangazo ya bure, anayelitaka aje inboksi. Iko Industrial Area, si mbali na Likoni Road pale tunapeleka magari inspekisheni.

Gari ni Isuzu NQR, injini ni 4HK1, lita 5.2, silinda nne, turbo, intakula (ile ya kupoza hewa ya turbo) na komon reli (mafuta yanakaa na presha kwa reli moja, kompyuta inayagawa), kila kitu ya kiwandani. Inabeba nyanya na kabeji kutoka Naivasha kuja soko la Marikiti, Nairobi. Spidi sina haja nayo, spidi gavana iko pale inakaa 80 na hakuna mtu ameigusa. Shida yangu ni mlima wa Mai Mahiu. Ukishapita lile kanisa dogo la Waitaliano na mzigo umejaa, gari ilikuwa inalia na gia ya tatu, mara dereva anarudi ya pili, na nyuma yetu laini ya magari imefika sijui wapi, watu wanapiga honi kana kwamba tumeamua kuwakasirisha.

Kitu kilinifanya nijaribu ni kwamba Isuzu wenyewe wanauza hii hii 4HK1 ikiwa na nguvu tofauti. Ya NQR ni hosipawa kama 150, ya FRR, lori ingine ya Isuzu, ni 190. Sasa hapo ndio watu wanaruka wanasema aah, basi ni programu tu. Si programu tu, turbo na vifaa vingine si lazima viwe sawa, kwa hivyo usiende ukamwambia fundi akuwekee file ya FRR halafu mwende zenu. Lakini angalau unajua injini yenyewe haijafinywa mpaka mwisho, kuna nafasi kidogo ya kucheza.

Kufika, fundi mkuu akaanza kumweleza dereva wangu bei na kazi mimi nimesimama hapo hapo, nikamwambia logbuku iko na jina langu, aongee na mwenye kulipa. Akacheka, "pole mama, karibu," na kutoka hapo alinielezea kila kitu bila kuchoka, hiyo namshukuru.

Nilidhani ataleta laptopu. Hakuleta. Alisema haongezi nguvu kwa injini kabla ajue ile iliyokuwa nayo imeenda wapi. Akafungua paipu ya kuingilia turbo, akaziba mdomo na kifuniko kimewekwa valvu ya tairi, akaunganisha kompresa akajaza upepo kidogo tu, halafu kijana akaanza kupaka maji ya sabuni kwa kila hozi na brashi. Pale chini ya intakula povu ikaanza kutoka polepole, klipu ilikuwa imekata mpira kwa ndani na kwa nje huoni kitu, ni kama unapuliza puto iko na tundu halafu unashangaa kwa nini haijai. Hiyo hozi sijui nimeendesha nayo miaka mingapi. Intakula ikashushwa, ikamwaga oili, si nyingi, lakini ya kutosha kuaibisha mwenye gari. Wakapima valvu injini ikiwa baridi, inatakiwa milimita 0.4 na mbili zilikuwa zimeenda mbali, wakabadilisha filta ya hewa na ya dizeli, wakakagua SCV, valvu ya kupimia mafuta kwa pampu, ambayo kwa hizi injini ndio ugonjwa maarufu, gari inaanza kutetemeka silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ama inazima tu bila sababu. Yangu ilikuwa sawa.

Niwaambie ukweli, baada ya hiyo hozi peke yake gari ilikuwa imerudi kuwa gari. Kama pesa yako ni kidogo ishia hapo, utakuwa umepata karibu nusu ya raha.

Sehemu ya laptopu sasa. Kabla hajaanza alifungua switchi bila kustati injini akanionyesha presha ya hewa kwa skrini, ilisoma kama kilopaskali 83. Akasema Mombasa hiyo namba ingekuwa 101, hapa Nairobi hewa ni nyepesi ju tuko juu. Na hapo ndio nilielewa kwa nini file za kudownload zinaua turbo za watu. Tuseme kompyuta inataka 180 kwa inteki, pale hewa inaingilia injini. Mombasa turbo inakandamiza hewa mara 1.8 hivi inafika. Nairobi lazima ikandamize karibu mara 2.2 kufika hapo hapo, na ukipanda huko Limuru hewa ni nyepesi zaidi, inazunguka kwa kasi zaidi bado. File imeandikwa na mtu wa Ulaya anakaa karibu na bahari, yeye hajui kuna milima kama ya Kinungi. Kwa hivyo huyu fundi kwa upande wa turbo aliongeza kidogo sana, karibu hakuna, na ile ruhusa ya kukandamiza zaidi akaipunguza gari ikiwa juu milimani.

Nguvu ya dizeli inatoka kwa dizeli, hakuna uchawi. Kompyuta iko na limiti za mafuta, kuna ya nguvu ya kuvuta na kuna ya moshi, ile inasema kwa hewa hii usimwage zaidi ya hapa. Fundi wa haraka haraka anaondoa ya moshi, gari inatoa wingu nyeusi mnafurahi, kumbe hiyo ni mafuta yamekosa hewa na joto inapanda. Pistoni ni aluminiamu, aluminiamu inayeyuka kama digrii 660, na moshi kabla ya turbo ukikaa juu ya 700 kwa muda mrefu unajitafutia maneno. Huyu yangu hakugusa limiti ya moshi. Aliongeza nguvu ya kuvuta kama asilimia 15, hapo katikati penye dereva anaitumia, akaweka sensa ya joto karibu na turbo, tukajaza mzigo, tukapanda nayo Mai Mahiu yeye akiwa kwa kiti cha turniboi na laptopu kwa mapaja. Ilicheza 600 na kitu, haikugusa 700. Alirudi akapunguza kidogo sehemu moja hivi, akasema hapo ndio mwisho, hata nikiongeza pesa haongezi.

Matokeo: mlima wote sasa ni gia ya tatu imetulia na kuna mahali dereva anaweka ya nne. Moshi hakuna wa kusema. Dereva anasema "bosi hii gari imepona", na yeye si mtu wa kusifu kitu. Mafuta? Wanakuambia utasave, mimi nimeangalia risiti zangu na sioni tofauti ya kuapia mahakamani, pengine kidogo ju harudishi gia ovyo. Anayekuahidi nguvu zaidi na mafuta chini sana anauza maneno.

Kwa nini nne si tano. Kwanza hawana daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, kwa hivyo hiyo asilimia 15 ni ya kwenye skrini, hakuna karatasi ya kabla na baada. Pili bei ilianza elfu 45, ikaishia juu zaidi ju hozi, filta na kazi ya valvu ni kando, na hawakuniambia hiyo mapema. Lakini spea zilizotoka nilirudishiwa kwa karatasi, na file ya kiwandani nimepewa kwa flashi, nikitaka kurudisha vile ilikuwa ni dakika chache. Gereji isiyokuachia file yako ya zamani toka mbio.

Kuna yale maboksi mnauziwa ya kuchomeka kwa sensa ya reli ya mafuta. Hiyo inadanganya kompyuta presha iko chini ndio iongeze, na sasa kompyuta yenyewe haijui ukweli wa injini yake. Sitaki. Na wale wa Canter za zamani na pampu isiyo na kompyuta mnajua ile skrubu ya kuongeza mafuta fundi wa Grogan, kule kwa gereji za Nairobi, huzungusha huku anakuambia sikia sasa. Sikia kweli, lakini weka geji ya joto kwanza.

Kama gari yako iko kwa waranti usiguse, na insuaransi waambie. Pia nguvu si ruhusa ya kuongeza mzigo, mizani ya Gilgil haijui umefanya remapu. Klachi yangu bado ni ile ya kiwandani na fundi ameshaniambia ndio itaanza kulalamika kwanza, siku rpm inapanda na gari haisongi nirudi wapunguze. Dereva naye amefunzwa kuacha injini silensa dakika moja mbili kabla ya kuzima baada ya mlima, ju oili inaungua ndani ya turbo ikizimwa moto.

Mkienda, gari ilale hapo usiku ndio asubuhi wapime valvu ikiwa baridi. Na msiende Jumatatu, wanakuwa wamejaza matatu za NQR zinataka kupita wenzao, na hao hata hozi hawataki ipimwe.