Kuhama Mji na Barua za Mkono: Sanduku la Zamani au Jipya?

Mpenzi wa barua za mkono anayehama, tuseme kutoka Tanga kwenda Dodoma, hana budi kuamua kama atabaki na sanduku lake la posta la zamani au atakodi jingine katika mji mpya. Anayehama mtaa tu ndani ya mji uleule hana taabu hii, kwa kuwa S.L.P. hufuata ofisi ya posta, wala si nyumba.

Sanduku la zamani lina faida moja kubwa: rafiki wa miaka mingi, aliyeiandika anwani yako kwa wino katika daftari lake, hatakupotea. Hata hivyo, ada ya mwaka itaendelea kulipwa, ufunguo utabaki kwa ndugu, na kila barua itasubiri mpaka ndugu huyo apate nafasi ya kupita posta, kisha aitie katika bahasha nyingine au aikabidhi kwa msafiri wa basi.

Sanduku jipya humwondoa mtu wa kati. Gharama yake ni kuwaarifu wote wanaokuandikia, kazi ambayo kwa mpenzi wa barua si adhabu hata kidogo. Anwani mpya iandikwe juu kulia, kama tulivyofundishwa shuleni, na tena nyuma ya bahasha, ili barua isiyomfikia mlengwa iweze kurudishwa.

Mimi ningekodi jipya mara moja, ila la zamani ningelilipia mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya wale wanaoandika wakati wa Idi au Krismasi tu.