Michirizi ya Tumbo: Uzoefu Wangu wa Matibabu ya Sindano Ndogo Kisumu

Baada ya kujifungua mapacha nilibaki na michirizi iliyoanzia chini ya kitovu ikaenea hadi kwenye nyonga, na kwa kuwa hapa Kisumu ushauri wa ngozi mara nyingi hutolewa na muuza vipodozi, ningependa kueleza matibabu niliyopata kwa daktari wa ngozi mtaani Milimani, pamoja na yale aliyonishauri niyaache.

Daktari alianza kwa kutazama rangi. Michirizi ya tumboni ilikuwa bado na zambarau iliyokolea, ilhali ile ya mapajani, niliyo nayo tangu nilipobalehe, ilikwisha kupauka na kubonyea. Alinieleza kwamba mchirizi ni kovu la tabaka la ndani: ngozi inapotanuka upesi kupita uwezo wake, huku homoni za ujauzito zikiidhoofisha, nyuzi za kolajeni na elastini, zinazoipa ngozi uimara na uwezo wa kuvutika, hukatika. Michirizi mipya ingali na mishipa ya damu iliyotanuka, ndiyo maana husikia dawa. Ya zamani hupungua kwa shida. "Mama, haitafutika, itafifia," aliniambia kabla hata hajataja bei, na kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nimwamini.

Krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, husaidia michirizi mipya, lakini haifai kwa mjamzito, na kwa kuwa nilikuwa ninanyonyesha aliiweka kando. Leza ya kaboni dioksidi nayo hakuipendekeza, kwa sababu ngozi nyeusi ikichomwa ni rahisi kubaki na madoa meusi yanayochukua miezi kuondoka. Tukakubaliana sindano ndogo, ambazo hutoboa ngozi ili iamke na kutengeneza kolajeni mpya, na hatari yake ya madoa ni ndogo zaidi.

Kwanza alijaribu sehemu ndogo ya ubavuni, akaniagiza nirudi baada ya wiki kadhaa ili aone kama ingeacha doa. Kliniki isiyofanya jaribio hilo nisingeiamini. Siku yenyewe nilipakwa ganzi na kufunikwa kwa nailoni nyembamba kwa muda mrefu. Kifaa kinafanana na kalamu nene, na kichwa chake cha sindano kilitolewa kwenye pakiti iliyofunguliwa mbele ya macho yangu. Daktari aliivuta ngozi kwa vidole viwili, akakipitisha wima, kisha mlalo, kisha mshazari, mpaka vitone vya damu visivyozidi ncha ya pini vikajitokeza. Tumboni nilivumilia vizuri, lakini karibu na mfupa wa nyonga ganzi haikufua dafu. Jioni ngozi iliwaka moto, ikatulia baada ya siku chache, ikabambuka ukoko mwembamba. Vipindi huachana kwa wiki nne hadi sita, na eneo lililotibiwa halipaswi kuona jua, jambo linalohitaji nidhamu kwa jua la Kisumu.

Matokeo hayakuja haraka. Miezi ilipita ndipo nikapitisha kidole nisihisi tena mifereji, na zambarau ikageuka kahawia inayokaribia rangi yangu. Mwanga ukipiga kwa upande, mistari bado inaonekana.

Mama mkwe alinisisitizia mafuta ya kakao tangu mimba ikiwa changa. Yaliniondolea mwasho, nami namshukuru, ila tafiti hazijaonyesha kwamba yanazuia michirizi. Kinachonikera kwa dhati ni krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kama tiba ya michirizi. Baadhi zina klobetasoli, dawa ya jamii ya steroidi ambayo ikipakwa kwa muda mrefu hukondesha ngozi na kuleta michirizi hiyo hiyo, na mama aliyetoka kujifungua ndiye anayeshawishiwa kuinunua. Soma kiambato kimoja kimoja, na usipoona orodha yoyote kwenye kopo, lirudishe.

Nililipa shilingi 9,000 kwa kila kipindi, mbali na ada ya kumwona daktari, ambayo sikuelezwa nilipopiga simu kuulizia. Kwa hiyo uliza gharama yote mapema. Kwa bei hiyo nimeamua mapaja yabaki yalivyo, maana daktari mwenyewe alisema mabadiliko yangekuwa madogo, na fedha nilizonazo nimalizie upande wa kulia wa tumbo, ambako michirizi ilikuwa mipana zaidi.