TAHADHARI: "Wapima maji" wanaopita kwenye visima vya watu Dodoma

Wenye visima virefu, hasa tuliojenga pembezoni ambako bomba halijafika, kaeni macho. Kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba, vitambulisho shingoni, wakidai wanapima ubora wa maji. Wanakupa cheti hapo hapo, kwa malipo, halafu wanakubembeleza ununue mtambo wa kuchuja.

Walipofika kwa jirani nilikuwepo mwanzo mwisho. Waliweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji ya chupa waliyokuja nayo. Wakatumbukiza kifaa chenye vyuma na kukichomeka kwenye umeme. Punde maji ya kisima yakageuka kahawia, mapovu juu, machicha chini. Ya chupa yakabaki meupe pee. "Haya ndiyo mnayokunywa, mama." Mama wa watu akashika kichwa.

Uongo mtupu! Uchafu ule unatoka kwenye chuma chenyewe: umeme ukipita majini unakila, na unachokiona ni kutu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, kwa hiyo yanapitisha umeme vizuri. Yale ya chupa yamechujwa mno, hayapitishi. Nikawaomba watie chumvi ya mezani kwenye glasi yao safi, warudie. Ghafla wakakumbuka wana mteja anawasubiri Nala.

Wana pia kipimo kama kalamu kinachotoa namba. Hicho si feki, ila kinakadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu. Floraidi na naitreti hakizitambui, na hizo ndizo za kuogopa huku kwetu kanda ya kati. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na 50 za naitreti. Huzioni kwa macho, na kuchemsha hakuziondoi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo zinakolea. Floraidi ikizidi inaharibu meno ya watoto, waulizeni wenzetu wa Singida. Naitreti hutokana na vyoo vya shimo na mazizi, na ni hatari zaidi kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo hapa hapa mjini. Waulize kwanza utaratibu wa sampuli. Kwa kawaida unaacha pampu ivute kwa muda ili maji yaliyolala kisimani yatoke, unasuuza chupa safi kwa maji yale yale, unajaza, unaandika kisima na tarehe, unawahisha. Majibu ya kweli yana namba ya sampuli, na kila kipimo kimeandikwa na kiwango chake kando ya kikomo kinachoruhusiwa. Cheti cha jirani kimeandikwa "SALAMA BAADA YA KUFUNGA MTAMBO", na mhuri wa nyota. Namba hakuna hata moja.

Mliokwisha kulipa, tunzeni ujumbe wa muamala na hicho cheti, mkaripoti polisi. Na mtambo msikubali ufungwe kabla ya majibu ya maabara, maana michujo mingi ya kawaida haiondoi floraidi.