Kahawa Roma: kusimama kaunta au kukaa mezani?

Jamani mkifika Roma mjue kahawa ileile ina bei mbili. Ukinywa umesimama kaunta espresso ni kama euro 1 na senti kadhaa, ukikaa mezani hasa maeneo ya watalii kama Pantheon au Piazza Navona inapanda hata mara mbili tatu na hujaongezewa tone.

Kaunta ina adabu zake lakini, ukiingia sema buongiorno (salamu yao ya mchana) kwanza, sehemu nyingi unalipia kwa keshia ndo unapeleka risiti kwa anayetengeneza, unakunywa fasta unawapisha wengine. Meza mi naona inafaa kama una mzee au mtoto kachoka miguu, ila soma bei kabla hujavuta kiti. Na maji msinunue, mabomba ya barabarani wanayaita nasoni ni bure, ziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka juu kupitia kitundu kilicho juu ya bomba unakunywa vizuri kabisa.