Vinyago Vilivyofinyangwa: Maonyesho ya Karakana ya Wafinyanzi, Bagamoyo

Wahenga walipouliza kama kinyago ulichokichonga mwenyewe kinaweza kukutisha, walikuwa wakizungumzia mti. Katika karakana moja ya ushirika, iliyo kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hakuna tezo wala patasi: kuna udongo, ndoo ya maji, kipande cha kibuyu cha kulainishia na tanuri la kuni uani. Wanachama wake, wengi wao wanawake waliozoea kufinyanga vyungu, vikaango na vyetezo vya kuuza sokoni, wameamua kuonyesha vinyago vipatavyo thelathini. Nilikwenda nikiwa na shaka, nami nimerudi na nusu yake.

Nusu ya kwanza ya chumba inakatisha tamaa. Hapo vimetundikwa vinyago vinavyoiga mapiko ya Wamakonde, vile vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za kutoka jandoni, ambavyo huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuruka navyo. Wafinyanzi wamezichukua sura hizo zilivyo, pamoja na matundu ya macho na chale za mashavuni, ilhali hakuna mchezaji atakayethubutu kujitwika udongo mzito namna hiyo. Chale nazo zimekatwa kwa kina, kama za kisu cha mchongaji. Kwa kuwa udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa, mara nyingi kwa asilimia kati ya 5 na 12, na kwa kuwa sehemu nyembamba hukauka kabla ya ile nene, ufa huanzia palepale kwenye chale. Nilihesabu vinyago vinne vya aina hiyo, na viwili kati yake vimezibwa kwa gundi na vumbi la matofali. Mgeni anaweza kudhani ni ukale. Ni haraka ya kukausha tu.

Kimoja upande huo kimenusurika, nacho ni uso wa mwanamke mwenye ndonya, pambo la mdomo wa juu. Kisahani cha ndonya kilichomwa peke yake, kikaja kupachikwa baadaye, kwa hiyo mdomo uliposinyaa haukukutana na kitu cha kuupasua. Ukikigusa kinacheza kidogo.

Upande wa pili, unaotazama uani, ndiko waliko wafinyanzi waliokubali kuanza na chombo wanachokijua. Yupo aliyeulaza mtungi na kuifanya shingo yake kuwa mdomo unaopiga kelele. Yupo pia bibi mmoja, ambaye kila aliyeingia alimwamkia shikamoo kabla ya kuuliza bei, aliyegeuza chetezo kuwa uso. Nyuma ya uso huo kuna kikombe kidogo cha makaa. Aliweka kaa moja, akanyunyiza ubani, na baada ya muda moshi ukaanza kutoka puani, kisha machoni, jicho la kushoto likitangulia.

“La kulia nililitoboa dogo, mwanangu,” akasema. “Lilinikatalia.”

Udongo wake ameuchanganya na vigae vilivyotwangwa, ambavyo hupunguza kusinyaa na kuupa unyevu njia ya kutokea kabla haujawa mvuke tanurini na kukipasua chombo. Nilipouliza kama kimeiva, alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kwa sauti nyembamba inayodumu. Kisha, bila kusema neno, akaenda kugonga kimojawapo cha vile vyenye ufa. Kikatoa sauti butu, iliyokufa papo hapo.

Kiingilio ni bure na wenyeji ni wakarimu, ingawa baada ya alasiri chumba huwa na giza. Kosa lisilosameheka ni vibandiko: vina bei tu, bila jina la aliyefinyanga. Katika mji wenye TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), uliokuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, mtu hahitaji kufundishwa kwamba kazi ya sanaa huwa na mwenyewe, na maonyesho ya wanachama yasiyowataja wanachama yananishangaza kuliko ufa wowote.

Nilinunua kile cha chetezo kwa shilingi 45,000. Kilifungwa kwa ukurasa mmoja wa gazeti, kikafika Dar es Salaam sikio likiwa limekatika. Nilipopiga simu hawakubishana: bibi atafinyanga kingine, lakini nisubiri wiki tatu, kwa sababu ni masika na lazima kikaukie kivulini. Nimekubali, kwa sharti kwamba safari hii kifungwe kwa makumbi ya nazi, yaliyojaa tele uani kwao yakingoja kuwa kuni, na kwamba jicho la kulia libaki dogo vilevile.