Mota za Kununua kwa Mkono wa Roboti Unaoandika Herufi: Ipi Itangulie, Ipi Ifuate

Anayetaka kujenga mkono mdogo wa roboti unaoshika kalamu na kuandika herufi hatasumbuliwa na sehemu kubwa ya orodha yake ya manunuzi. Bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayoziagiza mota, inatosha, vipande vya mkono hukatwa kwa plaiwudi nyembamba au akriliki, na kalamu yoyote inayotoa wino bila kukandamizwa itafaa. Kinachoamua kama herufi zitasomeka ni mota za viungo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kuwa huchagua mota kwa kutazama nguvu yake ilhali kalamu ni nyepesi mno kuhitaji nguvu hiyo. Mkono wa kuandika unahitaji mota isiyocheza.

Kucheza ninakokusema hapa kunaonekana ukishika kile kipande kinachobanwa juu ya shafti ya servo (mota yenye gia inayogeuka hadi pembe unayoiagiza na kutulia hapo), servo ikiwa na umeme, kisha ukakisukuma kwa kidole kulia na kushoto: kitasogea kidogo kabla meno ya gia hayajakizuia. Msogeo huo huonekana si kitu ukiwa karibu na shafti, lakini mkono huukuza. Katika mkono wenye urefu wa milimita 160, nyuzi 1 tu begani husogeza ncha ya kalamu kwa karibu milimita 2.8, na kwa herufi zenye kimo cha milimita 15 kosa hilo linakaribia sehemu ya tano ya herufi nzima.

Herufi inayofichua jambo hili kuliko zote ni "o". Ili kuichora, kila kiungo hulazimika kugeuza mwelekeo, na kila kinapogeuka meno ya gia huachana upande mmoja yakatafuta upande wa pili. Kwa muda huo mfupi mota inazunguka lakini kalamu haifuati. Ndiyo maana "o" hutoka na mabapa pembeni, na mwisho wa mstari hukosa kukutana na mwanzo wake. Herufi "l" inaweza kutoka safi kabisa katika mkono huohuo, kwa hiyo usiridhishwe na muuzaji anayekuonyesha mistari iliyonyooka peke yake.

Kwa mkono rahisi wa kwanza, chaguo langu la juu ni MG90S. Ni servo ndogo ya gramu 13 hivi, yenye gia za chuma, na nguvu yake ya kilo-sentimita 1.8 kwa volti 4.8 inazidi mahitaji ya kalamu. Bodi huiagiza servo pembe kwa urefu wa mpigo wa umeme, na MG90S husikia badiliko la mpigo la mikrosekunde 5, ambalo ni sawa na karibu nusu ya nyuzi 1 ikiwa mpigo hubadilika kwa mikrosekunde 2,000 kwa nyuzi 180 nzima. Chuma hakiondoi mchezo wote, lakini meno yake hayaliki upesi kama ya plastiki, na servo iliyoanza imekaza hubaki hivyo kwa muda mrefu. Sharti langu ni kwamba mota zote mbili zikae kwenye kitako, zikisukuma fito nne zilizounganishwa kwa kalamu, ili mkono usibebe uzito wa mota ya kiwiko. Nunua nne badala ya mbili: servo za aina moja hutofautiana, na utachagua mbili zilizokaza zaidi kwa viungo.

Servo zinazowasiliana kwa laini moja ya data, kama LX-16A na Dynamixel AX-12A, zinaishinda MG90S kwa ubora wa mwandiko, na nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu ya gharama na ugumu wake tu. AX-12A hugawa nyuzi 300 katika nafasi 1,024, yaani karibu nyuzi 0.29 kila moja, nayo LX-16A hufikia nyuzi 0.24. Uzuri wake mkubwa ni kwamba huiambia bodi ziko wapi hasa, hivyo programu inaweza kugundua kalamu imekwama. Lakini utahitaji kifaa cha kuziunganisha na bodi, pamoja na umeme wa kiwango chake. AX-12A hutaka volti 9 hadi 12. Anayepanga mkono mrefu wenye mota kwenye kiwiko aanzie hapa.

Mwandiko mzuri kuliko wote hutoka kwa mota za hatua, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogo zilizo sawa, za NEMA 17 zikipunguzwa mwendo kwa mkanda wenye meno. Mota hizi hupiga hatua 200 kwa mzunguko, na kidhibiti cha A4988, kibodi kidogo kinachoipa mota umeme wake, huweza kuigawa kila hatua mara 16. Hata hivyo, ni nzito, na zikiwashwa hazijui ziko wapi mpaka ziguse swichi ya kikomo, tena mkondo wa kila kidhibiti lazima urekebishwe kwa bisibisi. Kwa aliyekwisha kujenga mkono mmoja ningezipendekeza bila kusita, lakini kwa anayeanza nimeziweka nafasi ya tatu.

MG996R huvutia wengi kwa nguvu yake ya kilo-sentimita 9.4, ambayo hapa haina kazi. Ina uzito wa gramu 55, ikizuiwa huvuta hadi ampea 2.5, na nakala zake za kuiga ni nyingi kiasi kwamba mbili zenye maandishi yaleyale zinaweza kutofautiana kabisa. Mota ndogo ya hatua ya 28BYJ-48 nayo ni rahisi na ina hatua nyingi kwenye karatasi ya maelezo, ila ni ya polepole na gia zake zinacheza. Usiinunue kwa kazi hii.

SG90 yenye gia za plastiki ni ya mwisho kwa viungo, na ni ya kwanza kwa kuinua kalamu. Kazi ya kuinua ina nafasi mbili tu, juu na chini, kwa hiyo mchezo wake haudhuru chochote, na wepesi wake wa gramu 9 ni faida.

Kabla ya kulaumu servo na kukimbilia ya bei ya juu, kagua programu. Amri ya write katika maktaba ya Servo ya Arduino hupokea nyuzi kamili tu, kwa hiyo hata servo bora itaruka kwa vituo vya milimita 2.8 katika mkono wetu. Tumia writeMicroseconds, inayopokea urefu wa mpigo kwa mikrosekunde. Weka pia kwenye orodha chanzo cha volti 5 chenye ampea 2 kwa ajili ya servo tatu ndogo, kwa kuwa tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa miliampea 500 na bodi itajizima na kujiwasha katikati ya neno. Waya za hasi za chanzo hicho na za bodi ziunganishwe, na kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi iwekwe karibu na servo.

Servo zikifika, usizifunge papo hapo. Funga kijiti cha sentimita 16 kwenye shafti, iwashe servo itulie, kisha sukuma ncha ya kijiti taratibu juu ya rula mpaka uhisi gia zimezuia, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Ikisogea chini ya milimita 2 kwa jumla, iweke begani. Ikizidi hapo, jaribu kuivuta kwa mpira mwembamba ili meno yaegemee upande mmoja daima, na kama bado inacheza, ipe kazi ya kuinua kalamu.